Idhini Imetolewa Lakini Biashara Haipiti: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kubonyeza Tena

Vijana wanaofanya biashara ya sarafu za kidijitali hapa Chake Chake huniletea simu zao wakiwa na malalamiko yanayofanana: "Maalim, nimeidhinisha mara tatu na bado inaniambia niidhinishe." Kila walipobonyeza wamelipa ada, na hakuna hata mara moja iliyosogeza mbele jambo walilolikusudia. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yao, na kwa yeyote anayetumia itifaki za fedha zilizogatuliwa, yaani programu za mtandaoni zinazojiendesha bila benki, kama Uniswap (ya kubadilisha sarafu) au Aave (ya kuweka na kukopa), ambazo hazina karani wa kuulizwa wala tawi la kuendewa, si Darajani wala Wete, hata mtumiaji mwenyewe akawa ndiye anayelazimika kujua kosa limetokea wapi.

Tokeni nyingi za Ethereum na za mitandao iliyojengwa kwa mfano wake hufuata kiwango cha ERC-20, kilichopendekezwa Novemba 2015 na Fabian Vogelsteller na Vitalik Buterin. Kwa kiwango hicho, tokeni zako hazimo ndani ya simu; zimeandikwa katika daftari la mkataba mahiri wa tokeni yenyewe, yaani programu inayoendeshwa na mtandao huo. Itifaki haiwezi kuzigusa mpaka wewe uuagize mkataba huo uandike kwamba mkataba fulani wa itifaki unaruhusiwa kuchukua kiasi fulani kutoka kwako. Ni sawa na mwenye karafuu aliyeweka magunia ghalani, akamwandikia mwenye ghala kwamba hamali fulani aruhusiwe kutoa magunia kumi. Karatasi ile haihamishi gunia hata moja. Inamtaja mwenye mali, inalitaja ghala, inamtaja hamali, na inataja idadi. Kimoja kikikosewa, hamali atarudishwa mlangoni hata kama saini ni halali.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kubonyeza chochote mara ya pili, isome karatasi yenyewe. Fungua kivinjari cha bloku cha mtandao unaoutumia, yaani tovuti inayoonyesha miamala na idhini zote zilizoandikwa humo, kama Etherscan kwa Ethereum au Arbiscan kwa Arbitrum, uweke anwani yako, kisha utazame orodha ya idhini ulizotoa: ni tokeni ipi, mkataba upi umeruhusiwa, na kwa kiasi gani. Ukurasa wa itifaki unaweza kuchelewa kusoma au kusoma vibaya, lakini yaliyoandikwa kwenye mnyororo, yaani daftari la wazi la mtandao wenyewe, ndiyo mkataba wa tokeni utakayoyafuata. Maelezo yote yaliyobaki hapa yanachukulia kwamba umekwisha kuitazama orodha hiyo.

Kitufe cha kuidhinisha kinarudi kila mara

Hili ndilo tatizo ninaloletewa zaidi, na lina vyanzo kadhaa ambavyo kwa macho ya mtumiaji havina tofauti.

Chanzo cha kwanza ni kiasi. Pochi nyingi, yaani programu za kutunzia tokeni na kutia saini, sasa humruhusu mtumiaji kuandika mwenyewe kikomo cha idhini, nami nawahimiza watu watumie nafasi hiyo. Lakini aliyeidhinisha 50 akajaribu kubadilisha 50.4 ataombwa idhini upya, na ombi hilo ni la haki. Vilevile, idhini yenye kikomo hupungua kila inapotumika: ukiidhinisha 100 na ukabadilisha 70, zimebaki 30, na biashara ya pili ya 40 haitapita. Andika kiasi kinachotosha biashara yenyewe na ziada ndogo.

Chanzo cha pili ni kuidhinisha mkataba mwingine. Itifaki moja huwa na mikataba mingi, na kila toleo jipya huja na mikataba yake. Aliyeuidhinisha mkataba wa Uniswap V2 hajauidhinisha wa V3, ingawa jina la juu ya ukurasa ni lile lile. Linganisha anwani iliyomo katika orodha yako na anwani inayoombwa sasa na pochi. Usilinganishe herufi nne za mwanzo na nne za mwisho peke yake, kwa sababu walaghai hutengeneza anwani zinazofanana katika ncha zote mbili.

Katika jambo hilo hilo umo utaratibu wa Permit2, ambao Uniswap iliutoa mwaka 2022. Hapa idhini ina ngazi mbili. Kwanza unauruhusu mkataba wa Permit2 kwenye tokeni, mara moja tu na kwa ada. Kisha, kwa kila itifaki inayotaka kuutumia, unatoa saini isiyo na ada, yenye kiasi na muda wa kuisha. Mtu akiona ombi la pili hudhani la kwanza limekataliwa, kumbe la kwanza limekubaliwa na hili ni la ngazi inayofuata. Likija ombi hilo tena baada ya wiki kadhaa, huenda saini imeishiwa na muda, na idhini ya kwanza bado ipo salama kwenye mnyororo.

Chanzo cha tatu ni mtandao. Idhini iliyotolewa Ethereum haijulikani Arbitrum, na ya Arbitrum haijulikani Base. Hata anwani ya mkataba inapofanana katika mitandao miwili, madaftari ni mawili. Katika mipangilio ya pochi, hakiki namba ya utambulisho ya mtandao: Ethereum ni 1, BNB Smart Chain ni 56, Polygon ni 137, Base ni 8453 na Arbitrum One ni 42161. Aliyeongeza mtandao kwa mkono, kwa kunakili maelezo aliyotumiwa na mtu, na ahakikishe namba hiyo kabla ya jambo jingine lolote.

Ikiwa kiasi, mkataba na mtandao vyote ni sahihi na kitufe bado kinaonekana, ukurasa unasoma taarifa za zamani. Ufungue upya baada ya dakika moja au mbili, na usilipe tena.

Idhini ya USDT inakataa kubadilishwa

Kijana mmoja kutoka Wete aliwahi kuidhinisha USDT 200 (tokeni inayolenga thamani ya dola) kwenye Ethereum, akatumia 150, kisha akataka kuongeza kikomo kiwe 500. Muamala ulikataliwa, akajaribu tena, ukakataliwa tena, na mara zote mbili ada ilikatwa, kwa sababu muamala ulioshindwa hulipiwa kazi ambayo mtandao umekwisha kuifanya. Aliamini kwamba pochi yake imefungwa. Haikuwa imefungwa.

Mkataba wa USDT wa Ethereum haukubali kuibadilisha idhini iliyobaki iwe nyingine isiyokuwa sifuri. Ni lazima kwanza uishushe hadi sifuri, usubiri muamala huo uthibitishwe, kisha uandike kiasi kipya. Sharti hili lina sababu yake, na ukiielewa huwezi kulisahau. Rudi kwa hamali wetu: umemwandikia magunia kumi, kisha ukabadili nia na kumwandikia matano. Iwapo hamali ni mjanja, atakimbia ghalani na karatasi ya kwanza atoe kumi kabla ya ya pili kufika, halafu arudi na ya pili atoe matano mengine. Wewe ulikusudia matano, naye ameondoka na kumi na tano. Kuanzia sifuri humlazimisha mwenye mali kutazama kwanza kama kuna kilichochukuliwa. Tokeni nyingine nyingi hazina sharti hili, ndiyo maana mtu aliyezoea USDC, tokeni nyingine ya dola, hushangaa afikapo kwenye USDT.

Muamala wa idhini unasubiri bila mwisho

Tazama kwanza kama una sarafu ya kulipia gesi, yaani kazi ambayo mtandao unakufanyia. Ada hailipwi kwa tokeni unayoiuza. Kwenye Ethereum, Arbitrum na Base hulipwa kwa ETH, kwenye Polygon kwa POL, na kwenye BNB Smart Chain kwa BNB. Mtu mwenye USDT elfu moja na ETH sifuri hawezi kuidhinisha hata USDT moja. Idhini ya kawaida hutumia takriban vipimo 46,000 vya gesi. Ada ya msingi ikiwa gwei 20 kwa kipimo (gwei moja ni sehemu moja ya bilioni ya ETH), hiyo ni ETH 0.00092 kabla ya bakshishi ya mthibitishaji anayeuingiza muamala.

Gesi ikiwepo na muamala bado unasubiri, huenda ada uliyoikubali ni ndogo kuliko inayotakiwa sasa. Tangu Agosti 2021 Ethereum ina ada ya msingi inayoweza kupanda au kushuka hadi asilimia 12.5 kutoka bloku (kifurushi cha miamala) moja hadi nyingine, na bloku hutoka kila sekunde 12, kwa hivyo kiwango kilichotosha ulipoanza kusoma ukurasa kinaweza kisitoshe unapotia saini.

Hapa umeme na intaneti vyetu huongeza mkanganyiko. Umeme ukikatika au mtandao wa simu ukipotea baada ya kutuma, mtu hudhani muamala umepotea, na huduma inaporudi hutuma mwingine. Muamala uliokwisha kupokelewa hauitegemei tena simu yako. Unaendelea kusubiri zamu huko uliko. Na kwa kuwa kila muamala wa anwani yako una namba ya mfuatano, ule wa pili hauwezi kupita kabla ya wa kwanza. Ukituma mitano, yote mitano inajipanga nyuma ya ule uliokwama. Dawa yake ni kuutuma upya muamala uliokwama kwa namba ile ile ya mfuatano na ada kubwa zaidi, jambo ambalo pochi nyingi huliita kuharakisha au kughairi. Programu nyingi za Ethereum huukubali mbadala huo ikiwa ada imepandishwa kwa angalau asilimia 10.

Salio linaonekana sifuri, au kiasi kisichoaminika

Ukiongeza tokeni kwenye pochi kwa mkono, unaombwa anwani ya mkataba, alama, na idadi ya desimali. Mkataba wa tokeni huhesabu kwa namba kamili peke yake, na desimali ndizo zinazoeleza ni vipande vingapi vinafanya tokeni moja. Wazee wetu waliopima karafuu kwa pishi na kibaba wanalielewa jambo hili bila maelezo marefu: daftari lililoandikwa 12 bila kutaja kipimo halina maana, kwa sababu pishi 12 ni vibaba 48.

Kwenye Ethereum, USDC na USDT zina desimali 6, WBTC (inayowakilisha Bitcoin) ina 8, na DAI (tokeni nyingine ya dola) ina 18. Aliyeiongeza USDC kwa desimali 18 ataona 0.0000000001 badala ya 100, na ataamini ameibiwa. Hajaibiwa, pochi inasoma daftari sahihi kwa kipimo kisicho sahihi. Iondoe tokeni hiyo katika orodha na uiongeze upya. Usichukulie pia kwamba jina moja lina kipimo kimoja kila mahali, kwa maana USDT inayotumika kwenye BNB Smart Chain ina desimali 18.

Kosa hilo ni zito zaidi likiwa upande wa anayetengeneza ukurasa. Programu inayoomba idhini kwa desimali 18 kwa tokeni yenye desimali 6 itaomba kiasi kikubwa mara trilioni moja kuliko kile mtumiaji alichokiandika, na mtumiaji asiyesoma kiasi ndani ya pochi atakitia saini.

Majina nayo hupotosha. Arbitrum ina USDC iliyotolewa moja kwa moja na mtoaji wake tangu Juni 2023, na ina USDC.e iliyovushwa kutoka Ethereum kabla ya hapo. Ni mikataba miwili, na idhini ya moja haihusiki na nyingine. ETH yenyewe haina kitufe cha kuidhinisha, kwa kuwa haikujengwa kwa kiwango cha ERC-20. Ikigeuzwa kuwa WETH, yaani ETH iliyovikwa umbo la ERC-20, ndipo idhini inapohitajika.

Idhini ipo kamili, lakini biashara inarudishwa

Kwenye Uniswap V3 huenda ukaona herufi STF na hakuna maelezo mengine. Maana yake ni kwamba mkataba ulijaribu kuchukua tokeni kutoka kwako ukashindwa. Linganisha idhini na salio, maana idhini ya 500 kwa mwenye 300 bado ni karatasi ya magunia yasiyokuwepo.

Salio likitosha, tazama mtelezo wa bei, yaani tofauti ya bei unayokubali kuivumilia. Bei ikisogea kupita kiwango ulichokiruhusu kati ya kutia saini na kuthibitishwa, mkataba hukataa ili kukulinda. Wengi hukimbilia kuupandisha mtelezo hadi asilimia 20 au 30, nami naupinga ushauri huo kwa nguvu zote, kwani kwenye mitandao ya wazi wapo wanaozitazama biashara za namna hiyo ili wanunue mbele yako na kuuza nyuma yako. Punguza kwanza ukubwa wa biashara, na uangalie kama bwawa la ukwasi, yaani akiba ya tokeni ambamo biashara hufanyika, lina kina cha kutosha.

Zipo pia tokeni zinazojikata ada kila zinapohamishwa, kwa hiyo kinachofika ni pungufu ya kilichotumwa, na mkataba usiotarajia hivyo hukataa. Na zipo, zilizotengenezwa kwa wizi, zinazokubali kununuliwa na kukataa kuuzwa; kwa hizo hakuna mpangilio wa kubadilisha, kwa sababu kukataa huko ndiko zilikoundwa nako.

Mali yenyewe haijaidhinishwa na itifaki

Hapa lazima tutofautishe idhini mbili ambazo Kiswahili chetu huziita kwa neno moja. Ya kwanza ni yako wewe kwa itifaki. Ya pili ni ya itifaki kwa mali. Unaweza kutimiza ya kwanza kikamilifu na ukazuiwa na ya pili.

Kwenye Uniswap mtu yeyote anaweza kufungua bwawa la tokeni yoyote, hivyo kuiona tokeni pale si ushahidi kwamba kuna aliyeikagua. Aave ni kinyume chake: mali haiingii mpaka wenye kura waikubali, na pamoja na kura hiyo huwekwa mipangilio yake, yaani kiwango cha mkopo kinachoruhusiwa kwa thamani yake, kiwango cha kufilisiwa (deni likikifikia, dhamana huuzwa), kikomo cha jumla kinachoweza kuwekwa, kikomo kinachoweza kukopwa, na chanzo cha bei. Ukijaribu kuweka mali na muamala ukakataa ilhali idhini yako ni sahihi, tazama kama kikomo cha jumla kimejaa. Kikijaa, unasubiri wengine watoe. Ukiweka mali lakini haikuwezeshi kukopa, tazama kama imewekewa kiwango cha mkopo cha sifuri au imo katika hali ya kutengwa, ambamo matumizi yake kama dhamana yamewekewa mipaka. Mali iliyogandishwa haipokei nyongeza, lakini kwa kawaida huweza kutolewa. Iliyosimamishwa haitoki wala haiingii mpaka usimamishaji uondolewe.

Chanzo cha bei ndicho ambacho kwa maoni yangu kinastahili uangalifu mkubwa kuliko vyote kwa anayeiwekea mali mipangilio hiyo. Vyanzo vya Chainlink, huduma inayoipelekea mikataba bei za soko, vinavyotoa bei kwa dola kwa kawaida huwa na desimali 8, na vinavyotoa bei kwa ETH huwa na 18. Anayevichanganya ameivuruga thamani ya kila mkopo. Tarehe 30 Agosti 2022 itifaki ya Compound ilibadilisha chanzo chake cha bei kwa kura halali, na mara soko la ETH likasimama, kwa sababu mkataba mpya haukuweza kulijibu ombi la bei ya mali hiyo moja. Fedha hazikupotea, lakini marekebisho nayo yalihitaji kura na muda wa kusubiri, na watumiaji walikaa takriban siku saba. Mtumiaji aliyekutana na kosa lile wakati ule angeweza kuidhinisha mara mia bila kufika popote.

Tokeni zimeondoka na hukutuma

Mwishoni mwa mwaka 2021 wahalifu waliingiza msimbo wao katika ukurasa wa itifaki ya BadgerDAO. Mikataba ya itifaki haikuvunjwa. Ukurasa uliwaomba watumiaji idhini kwa anwani ya wahalifu, wakakubali kama walivyozoea, na takriban dola milioni 120 zikachukuliwa. Ndiyo sababu nawasisitizia wanaokuja kwangu waachane na idhini isiyo na kikomo, ambayo kwenye pochi huonekana kama namba ndefu yenye tarakimu 78.

Ukiona tokeni zimetoka, fungua muamala huo kwenye kivinjari cha bloku. Ikiwa aliyeuanzisha ni anwani nyingine, basi imetumika idhini uliyoitoa, au saini uliyoitia bila kulipa ada. Saini ya namna hiyo haionekani kwenye mnyororo mpaka siku inapotumika. Futa idhini hiyo kwa kuiandika sifuri, ama kupitia Etherscan au Revoke.cash, na ujue kwamba kufuta ni muamala unaohitaji gesi. Kuikata pochi kutoka kwenye ukurasa hakufuti chochote kilichoandikwa katika daftari la tokeni.

Ikiwa aliyeuanzisha muamala ni anwani yako mwenyewe na si wewe uliyefanya hivyo, basi maneno yako 12 au 24 ya siri yamevuja. Kufuta idhini hakutasaidia, kwa kuwa mwizi anaweza kuziandika upya. Fungua pochi mpya yenye maneno mapya, kwenye simu unayoiamini, na uhamishe kilichobaki kwa kuanza na chenye thamani kubwa. Ukiandika malalamiko yako hadharani, atatokea mtu mwenye picha ya itifaki na lugha ya upole akikuomba maneno hayo ili "kurekebisha idhini". Hakuna hitilafu yoyote kati ya nilizozieleza hapa ambayo marekebisho yake yanahitaji maneno hayo.